Usiku wa Tano na Moja

Kwa Mhariri, Ukurasa wa Barua,
Gazeti la Michezo la Asubuhi,
Tehran.

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu zangu za heshima, wewe, mkeo kama unaye, na yule kijana wako anayechora vibonzo. Mikono yenu isiumie. Mimi ni Mahlagha, mshonaji mstaafu wa mtaa wa Nezamabad, shabiki wa Esteghlal, timu ya bluu, tangu nikiwa tumboni mwa mama yangu. Nimekuchagua wewe kwa sababu mji huu una gazeti jekundu na gazeti la bluu, na ni lako peke yake linalojidai halina rangi. Siliamini hata kidogo, lakini sina pengine pa kwenda.

Kwanza uniwie radhi. Katika barua hii kuna namba moja ambayo kalamu yangu haiiandiki wala ulimi wangu hauitamki. Ni ile inayokaa baina ya tano na saba. Ukiona pengo mahali, ujue nimeliacha makusudi. Usije ukadhani ni uzee.

Shauri lenyewe ni hili. Binti yangu wa pekee, Mozhgan, amejifungua mtoto wa kike. Alhamdulillahi, mzima, ana nywele tele na sauti ya kushangilia goli. Sasa kwa desturi ya watu wetu mtoto hupewa jina usiku wa tano na moja tangu azaliwe. Babu humpakata, akamwadhinia sikioni, akatamka jina, watu wakala wakanywa. Na babu mwenyewe ni mume wangu Hushang, shabiki wa Persepolis, mwekundu mpaka kwenye utumbo. Mwekundu ampe jina mtoto wa kwetu, tena usiku wa namba ile! Usiku huo ni kesho. Nimetangaza kwamba siendi. Binti yangu analia kwenye simu tangu asubuhi. Na mimi nalia huku, ila mimi nalia kwa msimamo.

Ili usinione mkorofi, nakupangia malalamiko yangu moja baada ya jingine.

1. Naanza na asili, maana asiyejua asili haheshimu rangi. Klabu yetu ilianzishwa mwaka 1324 wa kalenda yetu ya Iran, yaani 1945 ya Wazungu, na vijana waliopenda kuendesha baiskeli, na jina lake likawa hilo hilo, Waendesha Baiskeli. Baadaye ikaitwa Taj, yaani Taji, na baada ya mapinduzi ndiyo ikawa Esteghlal, yaani Uhuru. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi baiskeli. Kwa hesabu yake kila goli la bluu alikuwa na fungu lake humo. "Bila sisi watu wa pampu," alikuwa akisema, "hawa wangekuwa wanacheza karata." Tulipochukua ubingwa wa Asia hapa hapa Tehran mwaka 1349 nilikuwa msichana mdogo, na nilimwona kwa macho yangu akiwajazia watoto wa mtaa mzima upepo wa bure mpaka pampu ikakata roho. Tukalichukua tena kombe hilo mwaka 1370, safari hiyo kule Dhaka. Mara mbili, Mhariri! Persepolis wao wamefika fainali yake mara mbili wakarudi na picha. Nasema haya bila majivuno yoyote, na naomba uyachape kwa herufi kubwa.

2. Msiba wa mwaka 1352. Tulicheza na Persepolis katika mwezi wa Shahrivar, tukafungwa. Idadi ya magoli wewe unaijua na mimi naijua, yaishe. Lakini kuna jambo la kisheria ambalo waandishi wa michezo mmelifumbia macho kwa nusu karne. Siku ile tulikuwa tumeizunguka redio, na lilipoingia goli la nne baba aliizima, akaifunika kwa shuka kama maiti. Kwa hiyo nyumbani kwetu matokeo ya mechi ile ni manne bila. Yaliyofuata, kama yalifuata, hatukuyasikia, na jambo ambalo mtu hakulisikia hawezi kulitolea ushahidi. Pamoja na hayo, mpaka leo Mwekundu akimwona mtu wa bluu sokoni humnyooshea vidole, mkono mmoja wote na kidole kimoja cha mkono wa pili, akaenda zake akicheka. Jamani! Hata aliyekuibia kuku hakai nusu karne akikuonyesha manyoya.

3. Utaniuliza, basi bibie uliolewaje na Mwekundu? Swali zuri, hata mama yangu aliliuliza. Hushang ni fundi vioo. Alikuja kutuwekea kioo cha dirisha ambalo baba alilivunja kwa pampu siku ya dabi. Alipima, akakata, akapima tena, akapima mara ya tatu kioo ambacho kilikuwa kimeshaingia, huku akinitazama mimi niliyeleta chai. Juma lililofuata dirisha lilivunjika tena, na mpaka leo hakuna anayejua lilivunjwa na nani.

Wakati wa posa baba alitoa masharti mawili. La kwanza, ile namba isitoke kinywani mwa Hushang ndani ya nyumba ya binti yake. La pili, mtoto wa kwanza awe wa bluu. Hushang akaapa kwa mkate na chumvi. Na lazima niseme kweli: kiapo kile amekishika zaidi ya miaka arobaini. Hajaitamka namba ile hata mara moja. Hapo hasa ndipo lalamiko langu linapoanzia.

Kwa maana badala ya kuitamka, anaizunguka. Asubuhi ananiambia, "Mama Mozhgan, nichemshie mayai matano." Anatazama dari. Masharubu yanamcheza. "Na moja." Mchana tunakula saa tano. Na moja. Akicheza dadu na kaka yake, ikimwangukia ile ya juu kabisa, haitaji. Anajipiga paja na kulia, "Aah, ile ya mke wangu!" Tukienda kula nyama ya kuchoma anaagiza shishliki, wala si kwa sababu anaipenda, maana meno hana. Anaiagiza kwa sababu neno linaanza kama namba ile inavyotamkwa kwa lugha yetu. Na kazi yake nayo! Kioo kwa lugha yetu ni shishe. Ondoa herufi ya mwisho, na kinachobaki ndiyo namba ile ile. Mtu huyu kutwa nzima anapita barabarani na kigari chake akinadi vioo kwa sauti, na akifika chini ya dirisha letu anaikata herufi ile ya mwisho, kisha anaikohoa. Nimemshitaki kwa imamu wa mtaa. Imamu akacheka mpaka kilemba kikamlegea. Nikauliza, nikaambiwa naye ni Mwekundu.

4. Mkwe. Mozhgan aliolewa na Aydin, kijana wa Tabriz, mpole, ana adabu zake, lakini anashabikia Traktor, klabu yenye jina la trekta, na jezi zake nazo, ewe Mola, ni nyekundu. Kikulacho ki nguoni mwako. Aydin alinunua nyumba katika jengo lenye orofa kumi. Kumi, Mhariri! Na katika orofa zote hizo akachagua ya tano na moja. Anasema ndiyo iliyokuwa wazi. Aliyeweka vioo vya jengo lile ni nani? Hushang. Sisemi kitu, nauliza tu.

Basi mimi napanda lifti hadi ghorofa ya tano, nashuka, kisha namalizia kwa ngazi, na magoti yangu haya. Ujauzito wote wa Mozhgan nimepanda hivyo na sufuria mkononi. Hushang huwa ameshatangulia, amesimama pale juu analitazama jasho langu. "Karibu, dodoki langu!" Hapa mjini, kama unavyojua, sisi tunawaita wao mashuka mekundu ya hamamu, nao wanatuita sisi madodoki ya kusugulia, yaani mji mzima uko bafuni. Nilimwomba Aydin kama mwenye nyumba atoe uamuzi. Akafuta miwani yake akasema, "Mama, mimi ni mtu wa trekta, mambo ya hamamu siyajui." Ndiyo mkwe niliyejaliwa.

5. Lalamiko hili ni zito, nalo ni la ujasusi. Kwa miaka na miaka sisi wanawake tulikuwa hatuingii uwanja wa Azadi. Hushang akauona mwanya huo. Kila Esteghlal ilipocheza pale, hata na timu ambayo haiwahusu Wekundu ndewe wala sikio, alijifunga shingoni skafu ya bluu niliyoifuma mwenyewe, akaenda kukaa katikati ya watu wetu. Mvua ilinyesha, alikwenda. Theluji ilianguka, alikwenda. Mwaka mmoja alikwenda na homa, akarudi na homa mbili.

Akirudi, anavua viatu, anaketi, ananipangia mchezo wote mezani: vibonge vya sukari ndio wachezaji, kijiko ndicho goli, birika ndiye mwamuzi. Dakika kwa dakika. Nani alipiga kona, nani alianguka bure, watu wa nyuma ya goli waliimba nini. Televisheni tunayo, lakini televisheni haikuletei mbegu za alizeti za uwanjani mfukoni mwa koti, na yeye anazileta, nadhani kama ushahidi. Ila anaposimulia goli letu hatii hamasa inayostahili. "Likaingia," anasema, basi. Nikimwambia piga kelele kidogo, ananijibu kwa sauti iliyokauka, "Mke wangu, koo nimelimaliza kule kule. Ningenyamaza wangenishuku." Lo! Mtu ashangilie goli la bluu mpaka koo likatike, halafu adai alikuwa anajificha!

Msimu ule tuliochukua ubingwa bila kufungwa hata mechi moja hakukosa hata siku moja. Na unakumbuka vizuri ulikuwa msimu gani. Wao Wekundu walikuwa wamebeba ubingwa mara tano mfululizo, mimi nimedhoofu, silali, chakula hakipiti, kwa sababu nilijua wakiongeza mmoja tu mitaa haitakalika. Sisi ndio tuliowazuia! Siku ile ya kombe nililia, nikamkuta na yeye amekaa uani anafuta macho. Nikamuuliza analilia nini. Akasema vumbi la vioo. Siku hizi wanawake tumeanza kuruhusiwa kuingia, lakini ngazi za Azadi haziongei na magoti yangu, na yeye bado anakwenda. Nani anamtuma? Naomba uchunguzi.

7. Hujakosea kuhesabu, endelea kusoma. Hili ndilo linalonikaba. Hushang ana jina la mtoto na hamwambii mtu. Nimemuuliza kwa upole. Nimemuuliza kwa ukali. Nimemnyima ukoko wa pilau, adhabu ambayo sijampa hata alipouza cherehani yangu ya zamani. Anacheka tu na kusema, "Jina lenyewe lina rangi, mama Mozhgan. Subiri usiku wa tano na moja." Lina rangi! Mwenye macho haambiwi tazama. Litakuwa Lale, ua jekundu. Au Golnar, ua la komamanga. Au Yaghut, ambacho ni kito chekundu kama kaa la moto.

Hoja yake ni kwamba mkataba ulisema mtoto wa kwanza ni wangu, na kwa kuwa wa pili hatukujaliwa, haki yake imeteremka kwa mjukuu. Na yule wa kwanza wangu yuko wapi? Mozhgan, niliyemvalisha bluu kabla hajafumbua macho, alikua akapenda voliboli! Kwa hiyo katika hesabu hii mimi sina mtu hata mmoja. Huyu mtoto ndiye nafasi yangu ya mwisho. Nataka mtu mmoja tu katika ukoo huu wa kike aingie Azadi kwa tiketi yake, akae anapotaka, aone kwa macho yake yale niliyoyaona maisha yangu yote kwa mdomo wa Mwekundu na vibonge vya sukari. Mtu aliyepewa jina jekundu, usiku kama ule, ataenda kukaa upande upi? Niambie wewe uliyesoma. Hapa, Mhariri, nalia kweli, wala si kwa msimamo.

Kwa hayo yote naomba gazeti lako litangaze kwamba familia za bluu zitawapa watoto majina usiku wa saba. Kama hilo ni dogo, na ni dogo, naomba namba yenyewe iondolewe kwenye kurasa za michezo, na kijana wetu anayeivaa mgongoni apewe jezi isiyo na kitu, watu watamjua kwa mwendo. Lifti zote za Tehran ziruke kutoka tano hadi saba. Dadu zichongwe upya ziwe na nyuso tano, namna gani wataalamu watajua wenyewe. Mwezi wa Shahrivar, ambamo ndimo tulimofungwa, nao ni mwezi wa ngapi katika mwaka? Hesabu kwa vidole uone. Ufutwe! Watoto wataanza shule mwezi mmoja mapema, watatusamehe wakikua. Mwisho ni nyuki. Nimeambiwa kila tundu la sega lao lina pembe kadhaa, na nimezihesabu mwenyewe kwa miwani. Waelimishwe kwa upole, maana ni viumbe wa Mungu, lakini waelimishwe.

Wasalimie wote hapo ofisini, mpishi wa chai, mlinzi wa mlangoni, na wachapaji. Kama yupo Mwekundu miongoni mwao msalimie pia, ila kwa ufupi. Nakutakia macho mazima na dabi yenye haki.

Ni mimi, mwenye uchungu na heshima zake,
Mahlagha, binti wa fundi baiskeli, mke wa fundi vioo,
dodoki, na sioni haya kusema.

Tanbihi. Bahasha ilikuwa bado mkobani, posta sijafika, usiku wenyewe ukaingia. Nikakaa nyumbani peke yangu na skafu yangu, natazama ukuta. Simu ikalia. Hushang. "Mahlagha, pilau inaungua huku, mtoto amenikojolea mara mbili, na wageni wamemaliza pistachio zote kama kuku waliofunguliwa. Jina silitoi bila wewe. Njoo, hata kama ni kunitukana, njoo unitukanie hapa hapa."

Nikaenda kumtukana. Lifti mpaka ya tano, ngazi kwa miguu, skafu shingoni. Nimeingia nahema, tusi liko tayari mdomoni, nikamwona amempakata yule mtoto na ile mikono yake iliyochanjwa na vioo. Hakuniita dodoki. Aliinama akamwadhinia sikio la kulia, taratibu, mpaka mwisho. Kisha akainua kichwa, akanitazama mimi, akatamka jina kwa sauti.

"Firuze."

Firuze, Mhariri! Jiwe la Nishapur! Jiwe la bluu! Kaka yake aliruka kitini: "Hushang, umeiuza nchi!" Wekundu wote wakapiga yowe. Aydin akapaliwa na chai. Mimi nilikuwa nimeshakaa chini, na kiti kilikuwa upande mwingine. Hushang akamjibu kaka yake, "Tulia wewe. Miaka yote hii nakaa kwenye viti vya madodoki, namletea huyu mwanamke magoli mfukoni. Nimezeeka sasa. Huyu mdogo ndiye atakayemletea." Halafu akanigeukia, masharubu yanamcheza: "Eti ujasusi! Timu yenu ina siri gani, mke wangu, ya kupelelezwa miaka arobaini?" Nikamwuliza alijuaje neno ujasusi. Akasema nimeandika barua huku nikisoma kwa sauti, kama kawaida yangu.

Hapo ndipo jirani mmoja mzee, aliyechelewa kufika na asiyejua lolote, akauliza mlangoni, "Samahanini, kwani leo ni usiku wa ngapi?" Wote wakanitazama. Hushang, mtu wa kiapo, akaanza, "Ni usiku wa tano, na..." Nikamkatiza.

"Wa sita," nikasema. "Leo ni usiku wa sita."

Nimeitamka, Mhariri, tena bila kusita. Bilauri ya chai ilimponyoka Hushang ikavunjika vipande vipande. Ni fundi vioo, atajua mwenyewe. Mozhgan alilia, mara hii kwa kicheko, na Firuze akapiga ile sauti yake ya goli. Na wakati wa kurudi nyumbani niliingilia lifti pale pale, ghorofa ya sita, na kitufe nilibonyeza mimi.

Kwa hiyo Shahrivar ibaki, nyuki waachwe, na barua hii tafadhali usiichape. Lakini najua ninyi watu wa magazeti, mtaichapa tu. Basi pale kati ya lalamiko la tano na la saba niliacha nafasi. Ijaze hivi:

6. Juu ya mume wangu sina lalamiko lolote. Ila goli la tano na la sita baba yangu hakuyasikia, na nyumbani kwetu matokeo yanabaki manne bila.